Harry Beck

Harry Beck (jina kamili Henry Charles Beck, 4 Juni 1902 – 18 Septemba 1974) alikuwa mchoraji wa kiufundi kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni mchoro wa reli za chini ya ardhi za jiji la London, ambao ulitolewa kwa abiria mara ya kwanza Januari 1933. Mchoro huo uliacha kabisa skeli na umbali halisi, ukabaki na mambo mawili tu: stesheni zinavyofuatana na mahali ambapo njia zinakutana. Leo karibu kila jiji kubwa lenye treni za mjini lina ramani iliyochorwa kwa kufuata njia hiyo, na wataalamu wa michoro ya mitandao hutaja kazi yake kama mfano wa kwanza wanapoeleza namna ya kufanya mtandao mkubwa usomeke.

Pamoja na hayo, Beck hakuwa mtaalamu wa ramani wala hakuagizwa kuifanya kazi hiyo. Alilipwa fedha kidogo sana, na katika miaka yake ya mwisho aliona jina lake likiondolewa kwenye mchoro alioutunza kwa zaidi ya robo karne.

Maisha ya awali

Beck alizaliwa Leyton, mahali ambapo wakati ule palihesabiwa katika wilaya ya Essex na leo ni sehemu ya mashariki ya London. Mwaka 1925 aliajiriwa kwa muda kama mchoraji katika ofisi ya ishara za reli ya kampuni ya Underground. Kazi yake ilikuwa kuchora mipango ya nyaya na mitambo ya umeme iliyoongoza taa za treni. Ajira yenyewe haikuwa ya uhakika. Ilikuwa miaka ya shida ya uchumi, na wafanyakazi wa aina yake walipunguzwa kazini na kurudishwa kulingana na hali ya fedha za kampuni.

Mara nyingi husemwa kwamba wazo la mchoro wake lilitoka moja kwa moja kwenye michoro ya sakiti za umeme. Maelezo hayo yanavutia, na Beck mwenyewe aliyatania mwaka 1933 alipochora kwa mzaha, katika gazeti la wafanyakazi, ramani yake ikiwa imegeuzwa kuwa sakiti ya redio. Lakini haifai kuyachukulia kuwa ndiyo asili yote. Katika miaka ileile, George Dow wa kampuni nyingine ya reli ya Uingereza alikuwa akichora njia za treni kwa mistari iliyonyooka, na mjini Berlin mchoro wa namna hiyo ulitokea mwaka 1931. Ni kweli kwamba mtu aliyezoea kuchora nyaya huzoea pia jambo moja muhimu: fundi hajali waya una urefu gani karatasini, anataka kujua umeunganishwa wapi na wapi.

Ramani kabla ya Beck

Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa London tarehe 10 Januari 1863, kati ya Paddington na Farringdon. Baada yake zilifuata nyingine nyingi, kila moja ikiwa na kampuni yake, na kila kampuni ilichapisha ramani yake ikitia mkazo njia yake na kufifisha za wengine. Ramani ya kwanza ya pamoja ilitolewa mwaka 1908. Ilikuwa ramani ya kawaida ya jiji, yenye barabara na bustani, na juu yake ikachorwa mistari ya rangi.

Tatizo la ramani hiyo lilikuwa la kijiografia. Stesheni za katikati ya jiji zimesongamana mno. Kutoka Leicester Square hadi Covent Garden, kwa mfano, ni kama mita 260 tu. Stesheni za pembeni, kinyume chake, zimeachana kwa kilomita kadhaa. Ukichagua skeli inayotosha kuonyesha katikati vizuri, karatasi haitatosha kwa pembeni. Ukichagua skeli inayoingiza pembeni zote, majina ya katikati yatapandana hata yasisomeke. Tatizo likazidi miaka ya 1920, reli zilipoanza kwenda mbali: treni zilifika Edgware mwaka 1924 na Morden mwaka 1926, na njia ya Piccadilly ilikuwa ikiandaliwa kurefushwa kaskazini hadi Cockfosters. Yeyote aliyewahi kuwafundisha wanafunzi kuchora ramani ya mkoa wenye mji mmoja mkubwa na vijiji vilivyotawanyika ataelewa shida hiyo mara moja.

Fred Stingemore, aliyechora ramani za mfukoni kati ya mwaka 1925 na 1932, alipiga hatua nzuri. Ramani zake hazikuwa na barabara, zilikuwa na mistari ya reli juu ya karatasi nyeupe, na pembeni alibana umbali kidogo. Hata hivyo mistari yake ilibaki ikijipinda kama reli zenyewe zinavyojipinda ardhini, na katikati palibaki na msongamano. Stingemore hatajwi sana siku hizi, na hiyo si haki, kwa sababu sehemu ya usafi wa ramani ya Beck ilionekana tayari katika kazi yake.

Mchoro wa 1931

Mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 29, Beck alichora wazo lake kwa penseli na wino wa rangi kwenye karatasi ya daftari la shule. Hakutumwa na mtu, na aliifanya kazi hiyo kwa muda wake mwenyewe. Karatasi hiyo ipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London.

Hoja yake ilikuwa rahisi. Abiria aliye chini ya ardhi haoni barabara, mto wala jengo. Hajui kama treni imepinda kushoto au kulia, na hana haja ya kujua. Anachohitaji ni kujibu maswali matatu: nipande treni ya njia gani, nishuke wapi kubadilisha, na baada ya stesheni ngapi nitafika. Kwa maswali hayo ramani yenye skeli inampa mambo mengi asiyoyahitaji na kumfichia yale anayoyahitaji.

Kwa hiyo Beck alijiwekea masharti machache akayashika kwa ukali. Mistari yote iwe ya mlalo, ya wima, au ya mshazari wa digrii 45, na panapopinda, kona iwe ya mviringo laini ili jicho lisikwame. Eneo la katikati likuzwe na pembeni libanwe, hadi stesheni zikae kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Stesheni ya kawaida iwe na kijiti kidogo tu kinachotokeza pembeni ya mstari kuelekea jina lake, na stesheni ya kubadilishia treni iwe na alama kubwa inayoonekana kwa mbali; katika toleo la 1933 alama hiyo ilikuwa msambamba uliosimama kwa ncha, baadaye ikawa duara. Kila njia ibaki na rangi yake. Rangi zilikuwepo kabla yake, lakini katika mistari iliyonyooka zilianza kufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu jicho liliweza kuufuata mstari wa kijani au wa bluu toka upande mmoja wa karatasi hadi wa pili bila kupotea.

Kijiti hicho kidogo ni jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Kabla ya hapo stesheni zilionyeshwa kwa nukta nene. Nukta hukata mstari vipandevipande, na nukta nyingi zikiwa karibu huonekana zote sawa. Kijiti hakikati mstari, tena kinaonyesha jina ni la upande gani. Hapo alama ya stesheni ya kubadilishia ikapata nafasi ya kuonekana, kwa kuwa haikuwa na wapinzani.

Juu ya ardhi aliacha kitu kimoja tu: mto Thames, nao umenyooshwa kwa pembe zilezile. Mto haumsaidii abiria kubadilisha treni. Unamwambia tu kama anakwenda kaskazini au kusini mwa jiji, na kwa mkazi wa London hilo latosha kumfanya aiamini karatasi iliyo mbele yake.

Kukataliwa na kukubaliwa

Beck aliupeleka mchoro wake katika idara ya matangazo ya Underground mwaka 1931. Ukakataliwa. Wakubwa waliona umekwenda mbali mno na desturi, na kwamba abiria hawatakubali ramani isiyoonyesha umbali wa kweli. Kwa haki yao, hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kampuni iliyoongozwa na Frank Pick ilikuwa mashuhuri kwa uangalifu wake katika michoro. Ndiyo iliyomwagiza Edward Johnston kubuni herufi maalumu zilizoanza kutumika mwaka 1916, na haikupenda kujaribu mambo hovyo.

Mwaka uliofuata Beck aliwasilisha tena. Safari hii zilichapishwa nakala 500 za majaribio na kugawiwa katika stesheni chache. Watu walizipenda. Januari 1933 ramani ya mfukoni ilichapishwa kwa wingi, nakala zipatazo 700,000, ikiwa na maneno ya kuwaomba abiria watoe maoni juu ya sura hiyo mpya. Nakala hizo zilichukuliwa haraka hata ikabidi kuchapisha nyingine muda mfupi baadaye. Kwa mchoro huo Beck alilipwa gini 10, yaani pauni kumi na nusu.

Robo karne ya marekebisho

Ni kosa kufikiri kwamba kazi ilikwisha mwaka 1933. Mtandao wa reli haukai kimya. Julai mwaka huohuo kampuni za usafiri za London ziliunganishwa kuwa shirika moja la umma, njia zikabadilishwa majina, stesheni zikafungwa na nyingine kufunguliwa, na kila badiliko dogo lilimlazimu Beck kusogeza kila kitu kilichokuwa jirani. Anayechora mtandao hawezi kuongeza nukta moja bila kugusa nyingine kumi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanyia nyumbani.

Matoleo yake hayakuwa na ubora sawa. Katika miaka ya mwanzo ya Vita Kuu ya Pili alijaribu mishazari ya digrii 60 badala ya 45, na matokeo yake yalikuwa mazito kuyatazama. Baadaye alirudi kwenye 45. Mwaka 1949 njia ya Circle, inayozunguka katikati ya jiji, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwa rangi yake yenyewe. Katika miaka ya 1950 mchoro ulifikia hali ya utulivu ambayo wapenzi wengi wa ramani huiona kuwa bora kuliko zote.

Beck alichora pia mtandao wa metro wa Paris, kwanza katika miaka ya 1930 na tena baada ya vita. Haukuwahi kutumiwa. Njia za Paris zimesukana kama ukili wa mkeka na stesheni zake ziko karibu karibu kila mahali, kwa hiyo faida ya kukuza katikati na kubana pembeni ni ndogo kule. Wafaransa nao walikuwa wamezoea ramani inayofuata mitaa.

Kuanzia mwaka 1944 Beck alifundisha kwa muda katika chuo cha uchapaji cha London, na mwaka 1947 aliacha kazi ya usafiri akawa mwalimu wa kudumu wa mpangilio wa herufi na rangi. Aliendelea kuutunza mchoro wake akiwa nje ya shirika.

Ugomvi wa 1960

Mwaka 1960 ilitokea ramani mpya katika stesheni za London. Ilikuwa na jina la Harold Hutchison, ofisa wa shirika aliyesimamia matangazo. Beck hakuarifiwa. Aliiona kama abiria mwingine yeyote.

Ramani ya Hutchison ilichukua masharti ya Beck lakini ikaacha ulaini wake. Kona zote zilikuwa kali, mistari ilivunjika mara nyingi bila sababu, na upande wa mashariki wa jiji majina yalibanwa vibaya. Watu wengi hawakuipenda. Lakini jambo lililomuumiza Beck lilikuwa jingine. Yeye aliamini kwamba alipokabidhi hakimiliki ya mchoro aliahidiwa kuwa mabadiliko yote yajayo yatapitia kwake. Shirika halikuona kwamba linafungwa na ahadi kama hiyo. Kisheria mchoro ulikuwa mali yake, na fundi aliyeubuni alikuwa si mwajiriwa tena.

Kwa miaka kadhaa Beck aliandika barua na kutengeneza mapendekezo. Njia mpya ya Victoria ilipopangwa, alichora toleo lililoiingiza na kulipeleka. Halikukubaliwa. Mwaka 1964 ramani ya Hutchison iliondolewa, ila nafasi yake haikurudishwa kwa Beck. Ilichukuliwa na mchoro wa Paul Garbutt, ofisa mwingine wa shirika hilohilo. Garbutt alirudisha kona za mviringo na usawa wa nafasi, na kazi yake ilikuwa nzuri. Ilikuwa pia karibu sana na ile ya Beck, na iliandikwa jina la Garbutt. Yapata mwaka 1965 Beck aliachana na madai yake. Alifariki mwaka 1974.

Heshima baada ya kifo

Msanifu wa michoro Ken Garland, aliyemfahamu Beck na kuzungumza naye katika miaka yake ya mwisho, alikusanya karatasi na kumbukumbu zake, na mwaka 1994 alichapisha kitabu kuhusu historia ya mchoro huo. Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu ya kitabu hicho kwamba tunajua habari hizi. Baadaye shirika la usafiri lilianza kuchapisha kwenye kila ramani maneno yanayoeleza kuwa imetokana na ubunifu wa Harry Beck wa mwaka 1931. Katika stesheni ya Finchley Central, aliyoitumia alipoishi mtaa huo, limewekwa bango lenye nakala ya ramani yake ya kwanza. Mwaka 2006 watazamaji wa BBC walipopiga kura kuchagua ubunifu bora wa Uingereza wa karne ya 20, ramani hiyo ilishika nafasi ya pili nyuma ya ndege ya Concorde. Mwaka 2013 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa kwenye nyumba aliyozaliwa huko Leyton.

Mwaka 2009 shirika liliuondoa mto Thames kwenye ramani ili kupunguza msongamano. Wananchi walilalamika kwa nguvu, meya akaingilia kati, na mto ukarudishwa kabla mwaka haujaisha.

Umuhimu katika uchoraji wa mitandao

Katika hisabati, wazo la kuangalia miunganiko peke yake na kusahau umbali lina asili ya zamani. Leonhard Euler alilitumia katika miaka ya 1730 alipothibitisha kwamba haiwezekani kuvuka madaraja yote saba ya mji wa Königsberg mara moja moja bila kurudia. Tofauti ni kwamba Euler alitaka jibu, naye Beck alitaka mchoro unaoweza kusomwa na mtu mwenye haraka, amesimama, ameshika mfuko mkono mmoja. Hayo ni matatizo mawili. Mtandao mmoja una njia zisizohesabika za kuchorwa, zote zikiwa sahihi kwa miunganiko, na nyingi hazisomeki.

Wanasayansi wa kompyuta wameandika programu za kuchora mitandao ya treni zenyewe, zikipewa masharti kama ya Beck: pembe chache, kona chache, mistari isikatane bure, majina yasipandane. Imethibitika kuwa kazi hiyo ni ngumu mno kwa kompyuta pindi mtandao unapokua, kwa sababu masharti hugombana. Ukinyoosha mstari mmoja unaharibu nafasi ya mwingine. Kwa sababu hiyo mpaka leo ramani nyingi za treni hukamilishwa kwa mkono wa mtu.

Njia ya Beck ina gharama yake pia. Inaficha umbali, na abiria huiamini kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu abiria wa London ulionyesha kwamba wengi huchagua njia inayoonekana fupi kwenye ramani hata pale inapochukua muda mrefu zaidi kwa saa. Wageni hupanda treni na kubadilisha kwenda mahali ambapo wangefika kwa dakika tano za kutembea. Mjini New York, mchoro wa Massimo Vignelli wa mwaka 1972, uliofuata masharti hayohayo ya mishazari ya digrii 45, ulilalamikiwa kwa kuonyesha bustani ya Central Park kama mraba ilhali ni ndefu na nyembamba. Uliondolewa mwaka 1979. New York ina mitaa iliyonyooka na yenye namba ambayo kila mkazi anaijua kichwani, na hapo ramani inayopingana na mitaa humtatiza msomaji. London haina mpangilio huo, kwa hiyo abiria wake hakuwa na cha kulinganisha.

Mtandao wenyewe nao umekua. Tangu miaka ya Beck zimeongezwa njia za Victoria na Jubilee, treni nyepesi za Docklands zilizofunguliwa mwaka 1987, mtandao wa Overground kuanzia 2007 na njia ya Elizabeth mwaka 2022. Pamoja na hizo zimewekwa rangi za kanda za nauli na alama za stesheni zinazofaa kwa watu wenye ulemavu. Alama hizo zina manufaa makubwa kwa wanaozihitaji, ila zimeijaza karatasi, na baadhi ya wasanifu husema masharti ya mwaka 1931 hayatoshi tena kwa mtandao wa ukubwa huo. Matoleo ya majaribio yaliyochorwa kwa mistari ya mviringo tupu yameonyeshwa mara kadhaa. Ramani inayobandikwa stesheni bado ni ya mlalo, wima na digrii 45.